Visiwa Vinne kwa Usiku Kumi na Mbili: Ratiba ya Ugiriki Inayohitaji Kupunguzwa

"Mimi, mke wangu na mama mkwe tunapanga safari ya Ugiriki mwezi wa Agosti, usiku 12. Mimi nataka magofu: Akropoli, Delphi na Knossos. Mke wangu anataka jua na bahari. Mama mkwe ana miaka 68, anatumia dawa za presha na ngazi zinamtesa magoti. Wakala ametupangia hivi: Athens usiku 2, Delphi ikiwa ni kwenda na kurudi siku moja, Mykonos 2, Santorini 3, Crete 2, Rhodes 2, usiku wa mwisho tunalala melini kutoka Rhodes, tunashuka Piraeus, bandari ya Athens, asubuhi na ndege yetu ya kurudi ni saa saba mchana siku hiyohiyo. Viza hatujapata, ila wakala anataka tulipe zote sasa ili bei zisipande. Ametuhakikishia kwamba Agosti bahari ya huko ni shwari kwa kuwa mvua hainyeshi. Je, ratiba hii inawezekana, au tunajidanganya?"

Wasiwasi wako una msingi. Hakuna kipande cha ratiba hii ambacho hakipo: meli zipo, ndege zipo, hoteli zipo. Shida ni kwamba imejengwa juu ya dhana kuwa kila chombo kitaondoka kwa wakati, na imehesabu usiku badala ya saa za mchana. Mnaotaka kuona magofu na kuoga baharini mnahitaji mchana, na ratiba hii inaula mchana wenu barabarani na bandarini.

Nianze na hilo la bahari shwari, maana ndilo lenye madhara makubwa. Ni kweli kwamba Agosti mvua ni adimu sana katika Bahari ya Aegean, ambamo visiwa hivi vimo. Lakini mvua na upepo ni mambo mawili tofauti. Kila kiangazi, hasa Julai na Agosti, huvuma huko upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Chanzo chake ni tofauti ya mgandamizo wa hewa: upande wa Balkani hewa huwa nzito, na upande wa mashariki, juu ya nchi kavu ya Uturuki iliyochomwa na jua, hewa huwa nyepesi na kupanda juu. Upungufu huo wa mgandamizo upande wa mashariki ni mkono wa ule mkubwa unaokaa juu ya Asia ya Kusini wakati huohuo wa mwaka, uleule unaovuta upepo wa kusi kuvuka Bahari ya Hindi. Hewa hukimbia kutoka penye uzito kwenda penye wepesi, na njia yake ni Aegean, kutoka kaskazini kushuka kusini. Ikibanwa kwenye milango ya bahari kati ya visiwa kama Andros, Tinos na Mykonos, huongeza kasi.

Ndiyo maana meltemi huja na anga la buluu lisilo na wingu hata moja. Mtu anaamka hotelini, anaona jua limewaka, anaambiwa boti haiondoki, na anadhani anadanganywa. Upepo huu unaweza kuvuma siku tatu mfululizo, na mara nyingine wiki nzima. Huwa mkali zaidi mchana na alasiri, na mara nyingi hupungua kiasi usiku. Ukifika kiwango cha 8 kwenye kipimo cha Beaufort, yaani zaidi ya kilomita 60 kwa saa, mamlaka za bandari huzuia meli nyingi za abiria kutoka. Boti ndogo za mwendo kasi husimama mapema zaidi, na hata zinapoondoka huruka juu ya mawimbi na kuwatapisha watu. Meli kubwa za kawaida ni za polepole, lakini hutulia zaidi, zina sehemu za wazi za kukaa, na nauli yake huwa ya chini kuliko ya boti za kasi.

Sasa tazama siku yenu ya mwisho kwa jicho hilo. Rhodes iko mbali kabisa upande wa kusini-mashariki, karibu na Uturuki, na meli ya kwenda Piraeus huchukua zaidi ya saa 12. Meli ikichelewa saa nne, au ikizuiwa kuondoka, ndege ya saa saba mchana imekwenda. Na kwa kuwa tiketi ya meli na ya ndege ni mikataba miwili tofauti, shirika la ndege halina wajibu wowote kwenu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inawapa abiria wa meli haki ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kusafirishwa kwa njia nyingine, safari ikifutwa au ikichelewa kuondoka kwa zaidi ya dakika 90. Lakini hali ya hewa ikiwa ndiyo sababu, kampuni ya meli hailazimiki kuwalipia hoteli wala fidia. Kwa vyovyote, sheria hiyo haigusi ndege mliyoikosa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya safari ya namna hii: bahari itangulie, nchi kavu ifuate. Visiwa viwekwe mwanzoni, Athens na magofu ya bara yawekwe mwishoni, na kati ya kuvuka maji kwa mara ya mwisho na ndege ya kurudi nyumbani kuwe na usiku usiopungua miwili. Upepo ukiwashika kisiwani siku moja, mnapoteza siku moja ya Athens, basi.

Kanuni ya pili ni kuhesabu mihamo. Ratiba ya wakala ina mihamo mitano. Chukua mmoja tu, wa Mykonos kwenda Santorini. Boti yenyewe ni saa mbili hadi tatu. Lakini chumba mnakiacha saa tano asubuhi, bandarini mnatakiwa kuwepo angalau nusu saa kabla, boti inachelewa kidogo, mkishuka Athinios, bandari ya Santorini, mnapanda gari kwenye barabara ya kona kona iliyojaa mabasi, na chumba kipya kinatolewa saa tisa alasiri. Siku imeisha. Zidisha mara tano, toa na siku ya Delphi, mtaona mnachobakiwa nacho.

Tena ramani inadanganya. Visiwa vinaonekana kama shanga kwenye uzi mmoja, lakini njia nyingi za meli zimekaa kama miale, zote zikitoka Piraeus. Mykonos, Naxos, Paros na Santorini ni kundi moja, Cyclades, na kati yao boti ni nyingi wakati wa kiangazi. Rhodes ni kundi jingine kabisa, Dodecanese. Kutoka Crete kwenda Rhodes meli ni chache kwa wiki na safari ni ndefu. Rhodes ina mji mkongwe wenye kuta za zama za kati na ngome ya Lindos juu ya bahari; inastahili safari yake peke yake. Kwa sasa iondoeni.

Mykonos nayo naiondoa bila majuto, isipokuwa mke wako anapenda muziki wa usiku. Sababu pekee ya mpenda magofu kwenda huko ni Delos, kisiwa cha jirani kinachofikiwa kwa boti ya takriban nusu saa, mahali Wagiriki wa kale waliposema mungu Apollo alizaliwa. Mwaka 426 KK Waathene walihamisha makaburi yote ya huko na kuamuru asizaliwe wala asife mtu kisiwani. Hata leo mgeni haruhusiwi kulala. Ni mahali pa ajabu kweli, lakini hakuna kivuli, ardhi ni mawe matupu, na boti ndogo za kwenda huko ni miongoni mwa za kwanza kusimamishwa na meltemi. Kwa mama mwenye magoti hayo, katika jua la Agosti, siwashauri.

Santorini inahitaji maelezo, kwa kuwa picha zake zimewapotosha wengi. Vile vyumba vyeupe vinavyotazama bahari viko ukingoni mwa ukuta wa mwamba ulioachwa na mlipuko wa volkano, mamia ya mita juu ya maji. Huko juu hakuna ufukwe, na kati ya barabara na chumba mara nyingi kuna ngazi kwa makumi, nyembamba na zisizo sawa. Fukwe ziko upande wa pili wa kisiwa, Kamari na Perissa, zenye mchanga na kokoto nyeusi ambazo mchana huunguza nyayo. Mkienda, laleni upande huo wa fukwe: pako tambarare, bei ni ya chini, na kwa basi mnafika mjini Fira kutazama machweo. Utamu wa kisiwa kwa mtu wa magofu ni Akrotiri, mji wa zama za shaba uliofukiwa na majivu ya mlipuko ule karne ya 16 au 17 KK. Una nyumba za ghorofa na mitaa yake, na wote umefunikwa na paa, hivyo mama atatembea kivulini kwenye njia zilizosawazishwa.

Baada ya kupunguza, nawawekea njia mbili mezani.

Ya kwanza, ambayo kwa familia yenu naiona bora, ni Crete na Athens peke yake. Mkifika Athens mnalala usiku mmoja, au mnaunganisha ndege moja kwa moja mkiwa na nguvu, kisha mnaruka hadi Heraklion, mji mkuu wa Crete, chini ya saa moja. Mnakaa hapo usiku 3. Knossos, lile kasri la kale, iko kilomita 5 tu kutoka mjini, na basi la mjini linafika. Ingieni saa mbili asubuhi lango linapofunguliwa, kwa sababu kuanzia saa nne mabasi ya makundi hujaza uwanja. Mjue pia mnachotazama: nguzo nyekundu na kuta zilizopakwa rangi ni kazi ya Arthur Evans, Mwingereza aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1900 na kujenga upya sehemu kadhaa, nyingine kwa zege, kwa namna alivyodhani zilikuwa. Wanaakiolojia wanabishana naye hadi leo. Kwa hiyo mchana wa jua kali ingieni kwenye makumbusho ya akiolojia ya Heraklion, mkaone vitu vyenyewe vilivyotoka ardhini, ikiwemo ile sahani ya udongo ya Phaistos ambayo maandishi yake hayajasomwa hadi leo.

Siku ya tatu kodini gari mwelekee kusini, kilomita 60 hivi, hadi Phaistos, kasri la umri wa Knossos lakini lisilojengwa upya, juu ya kilima chenye upepo. Njiani mnapita Gortyn, ambako sheria za mji zilichongwa ukutani karne ya 5 KK na bado zinasimama. Kisha mteremke hadi ufukwe wa Matala. Hapa ndipo kuujua upepo kunapolipa: Matala iko upande wa kusini wa kisiwa, kwa hiyo meltemi hutokea nchi kavu na kusukuma maji kwenda nje, haileti mawimbi makubwa ufukweni. Siku upande wa kaskazini umechafuka, huko watu wanaoga. Onyo moja tu: upepo wa nchi kavu hubeba maboya na vitanda vya hewa kuelekea baharini, msimwache mtu alale juu yake. Kwa gari mtahitaji leseni ya kimataifa ya udereva pamoja na leseni ya nyumbani, na ikatwe kabla ya safari, kwani hutolewa na nchi iliyotoa leseni yenu.

Baada ya hapo hamieni magharibi, Chania, usiku 4. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa basi. Kando ya bandari yake ya zamani pako tambarare, mama atajitembeza jioni bila ngazi, na fukwe za mchanga ziko karibu. Kosa linalofanywa na wengi ni kurudi tena Heraklion kupanda ndege. Chania ina uwanja wake. Nunueni tiketi ya kuingia Heraklion na kutoka Chania, mtaokoa nusu siku.

Njia ya pili, kama moyo wa mke wako uko Santorini na hautoki: usiku 1 Athens, Naxos 4, Santorini 3, kisha ndege ya dakika 45 hivi kurudi Athens kwa usiku 4. Naxos naichagua badala ya Mykonos kwa sababu ina fukwe ndefu za mchanga upande wa magharibi, hekalu la mungu wa kike Demeter kule Sangri, na sanamu kubwa za marumaru zilizoachwa hazijakamilika machimboni tangu zama za kale. Meli ya kawaida kutoka Piraeus hufika baada ya saa tano na kitu. Chagueni ya asubuhi mapema. Kasoro ya njia hii ni kwamba inategemea bahari mara mbili na mnaiacha Knossos, na hilo wewe ndiye utalilipia.

Athens sasa, usiku 4 wa mwisho katika njia zote mbili. Tiketi ya Akropoli ni euro 30 kwa mtu mzima, na huuzwa kwa saa maalumu ya kuingia, kwa kuwa idadi ya watu kwa siku imewekewa kikomo. Nunueni kwenye tovuti rasmi ya serikali kabla ya safari, na mchague saa mbili asubuhi au masaa mawili ya mwisho ya jioni. Msichukue saa sita mchana hata kama ndiyo iliyobaki, badilisheni siku. Joto likizidi, Wizara ya Utamaduni huifunga Akropoli mchana, jambo lililotokea kiangazi cha 2023 na vilevile miaka iliyofuata. Marumaru iliyokanyagwa na mamilioni ya watu inateleza kama sabuni, hivyo viatu viwe na soli ya mpira. Kwa mama kuna lifti upande wa kaskazini kwa watu wenye shida ya kutembea; ulizeni utaratibu wake mapema, na mjue kuwa husimamishwa upepo ukizidi. Makumbusho ya Akropoli chini ya kilima yana tiketi yake, yana lifti na ubaridi, na ghorofa ya juu inatazamana na Parthenon yenyewe, hekalu lililo juu ya kilima.

Delphi iko kilomita 180 hivi kutoka Athens, saa mbili na nusu kwenda na vivyo hivyo kurudi. Eneo lenyewe limepanda mlimani: majengo ya hazina, hekalu la Apollo, ukumbi wa maonyesho, na juu kabisa uwanja wa mbio. Safari ya siku moja huwafikisha pale katikati ya mchana, saa mbaya kuliko zote. Ama mlale huko usiku mmoja kati ya ile minne na kuingia asubuhi, mama akibaki kwenye makumbusho yaliyo chini, au wewe uende peke yako siku hiyo na wao wapande boti hadi Aegina. Kisiwa hiki kiko karibu na Piraeus, dakika 40 kwa boti ya kasi au saa moja na robo kwa feri. Kiko ndani ya Ghuba ya Saronic ambako meltemi hupungua makali, na juu yake lipo hekalu la Aphaia la karibu mwaka 500 KK, lenye nguzo nyingi zilizosimama. Watu hukipita wakikimbilia visiwa vya mbali, na kwa kweli nasikitika kila ninapoona ratiba isiyokuwa nacho.

Kama tarehe zinaweza kusogea, sogezeni hadi katikati ya Septemba. Bahari huwa bado na joto la kiangazi chote, upepo unapungua, na umati vilevile. Mkichelewa hadi Novemba mtakuta hoteli nyingi za visiwani zimefungwa na boti za kasi zimepumzishwa.

Kuhusu malipo, msilipe chochote kisichorudishwa kabla ya viza. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Kwa Agosti msisubiri, maana nafasi za miadi ndizo huisha kwanza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue euro 30,000, na pasipoti iwe na angalau miezi mitatu ya uhai baada ya siku ya kutoka. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15 kwa kawaida, lakini unaweza kufika siku 45. Mwambieni wakala awawekee hoteli zinazofutika bila gharama, na awape kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kufuta kila moja. Akikataa, tafuteni mwingine. Bima nayo isomwe kabla ya kusainiwa: muulize kama inalipia ndege iliyokosekana kwa sababu ya meli kuchelewa, na kama ugonjwa wa presha uliokuwepo kabla umejumuishwa. Kuna pia ada ya mazingira inayolipwa hotelini kwa kila chumba kila usiku, Aprili hadi Oktoba. Kwa hoteli ya nyota tatu ni euro 5, ya nyota tano euro 15, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyopewa.

Kabla ya haya yote, mama aonane na daktari wake ana kwa ana, wiki nne au zaidi kabla ya safari. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo na kupunguza maji mwilini, na kwenye joto linaloweza kupita nyuzi 35 hilo huleta kizunguzungu na kuanguka. Daktari ndiye wa kusema kama dozi ibadilike, msiipunguze wenyewe. Muulizeni na kuhusu tembe za kichefuchefu cha bahari, kwa sababu si zote zinazomfaa mtu wa umri wake, na zinazofaa humezwa kabla ya chombo kung'oa nanga. Huko safarini, akichanganyikiwa maneno, akiacha kutoka jasho au akizimia, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mpepee, na mpige 112, namba ya dharura ya Ulaya nzima.

Viza ikitoka, nunueni kwa mpangilio huu: ndege kubwa kwanza, halafu ndege za ndani au meli, halafu tiketi za Akropoli. Mkichagua njia ya Naxos, siku moja kabla ya kuondoka angalieni namba ya lango la bandari kwenye tiketi. Piraeus ina milango mingi kuanzia E1, mingine iko zaidi ya kilomita moja kutoka kituo cha treni, na kwa magoti ya mama teksi ya kuwafikisha mlangoni hasa ni pesa iliyotumika vizuri.